Uhuishaji wa Kompyuta Katika Kufundisha Takwimu za Mwanzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu na wahadhiri wa somo la kwanza la takwimu, na kwa mwanafunzi anayejisomea mwenyewe na kuchoka kukariri fomula.

Uhuishaji wa takwimu ni kitu gani hasa?

Ni mchoro unaobadilika mbele ya macho kadiri data zinavyochotwa, zinavyochanganywa upya au zinavyosogezwa. Nukta nne zinachomoka kutoka kwenye kundi kubwa, zinashuka, wastani wake unahesabiwa, na wastani huo unatua kwenye mchoro mwingine. Nyuma ya mchoro kuna uigaji: kompyuta inachota namba kwa nasibu, kwa hiyo ukibonyeza tena hupati matokeo yaleyale. Maandishi yanayoingia kwenye slaidi kwa mbwembwe hatuyahesabu hapa.

Kwani picha tuli za kitabuni zina kasoro gani?

Mara nyingi hazina kasoro. Mwaka 2002 Barbara Tversky, Julie Bauer Morrison na Mireille Bétrancourt walipitia tafiti zilizolinganisha picha zinazotembea na picha tuli. Waligundua kwamba pale uhuishaji ulipoonekana kushinda, mara nyingi ulikuwa umebeba maelezo zaidi, au ulimruhusu mwanafunzi kuuchezea, ilhali picha tuli haikupewa nafasi hiyo. Tena mwendo una hasara yake: unapita kabla jicho halijaushika, na kilichopita hakipo tena pa kukitazama.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: ndani ya dhana yenyewe kuna kitu kinachojirudia au kinachobadilika? Kama hakuna, chora picha uendelee na somo. Chati ya pai inayozunguka kabla ya kutulia inakula muda tu. Thamani ya katikati, robo na jedwali la marudio vinatosha kwenye karatasi. Lakini zipo dhana chache ambazo hazieleweki mpaka mtu awaze kurudia jambo lilelile mara nyingi: je, tungechukua sampuli nyingine, tungepata nini? Na nyingine tena? Kitabu kinaonyesha sampuli moja, kisha kinamwachia msomaji awaze mwenyewe zile elfu ambazo hazikuchukuliwa. Wengi wanaachwa njia panda hapohapo.

Mtawanyo wa wastani wa sampuli nauonyeshaje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nitakaa nalo.

Gawa skrini sehemu tatu. Juu weka kundi zima, katikati sampuli moja, chini weka wastani zinazojikusanya. Kila sehemu iwe na rangi yake, na rangi hiyo isibadilike: ikiwa wastani ni mwekundu pale katikati, ushuke chini ukiwa mwekundu. Kundi la juu lisiwe na umbo la kengele. Chagua kitu kilicholalia upande mmoja, kwa mfano muda wa kusubiri huduma kwa dakika, ambapo wengi wanasubiri kidogo na wachache wanasubiri mno.

Sasa chota sampuli ya watu 4, polepole. Tuseme zimetoka dakika 2, 3, 5 na 18. Mwache kila mmoja darasani ahesabu wastani mwenyewe kabla kompyuta haijauonyesha: 7. Nukta nyekundu ishuke itue kwenye 7. Kisha uliza: tukichota wengine 4, tutapata 7 tena? Chota. Safari hii 1, 4, 4 na 7. Wastani ni 4. Rudia mara tano au sita kwa mwendo huohuo wa kinyonga. Usikimbilie kitufe cha 1,000. Mwanafunzi ambaye hajaiona nukta moja ikizaliwa kutokana na watu wanne, ukimwonyesha nukta elfu ataziona kama watu elfu, na somo zima litakuwa limepotea hapo.

Kabla ya kuongeza kasi, simamisha. Kila mtu achore kwenye daftari umbo analotarajia kuliona chini. Hili si pambo. Robert delMas, Joan Garfield na Beth Chance waliandika mwaka 1999 kuhusu programu ya uigaji waliyoitumia kwa wanafunzi wao. Programu ilikuwa nzuri, maelekezo yalikuwa wazi, na bado wanafunzi wengi walibaki na makosa yao. Mambo yalibadilika walipowataka watabiri kwanza, kisha walinganishe utabiri wao na kile skrini inachoonyesha. Mtu aliyechora mlima uliolalia upande mmoja kama kundi la juu, kisha akaona umbo linalokaribia kengele likijijenga, ana jambo la kujiuliza. Aliyekaa tu akitazama ataona umbo hilo, atasema "sawa", na wiki ijayo hatakumbuka limetoka wapi.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao hutaukosa: idadi ya watu ndani ya sampuli na idadi ya mara ulizorudia kuchota. Programu nyingi zinaweka vidude viwili vya kuburuta, kimoja juu ya kingine, na mwanafunzi anaviburuta vyote kwa pamoja. Vitenganishe. Kwanza acha sampuli iwe ya watu 4 na uongeze marudio kutoka 50 hadi 5,000: histogramu ya chini (mchoro wa nguzo za idadi) inalainika, lakini upana wake unabaki palepale. Kisha acha marudio yasimame kwenye 5,000, uongeze watu kutoka 4 hadi 25: sasa inabanana. Ikiwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa kundi zima ni 10, wa wastani ni 5 kwa sampuli ya watu 4, na ni 2 kwa sampuli ya watu 25. Fomula ya kugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu kwenye sampuli ilete baada ya hapo. Itaonekana kama muhtasari wa kitu walichokwisha kukiona.

Nimeongeza ukubwa wa sampuli lakini histogramu haibanani. Kuna nini?

Karibu kila mara ni mhimili. Programu nyingi za kuchora hurekebisha mhimili zenyewe ili mchoro ujaze nafasi. Histogramu ya sampuli za watu 25 inavutwa mpaka inalingana kwa upana na ile ya watu 4, na mwanafunzi anaamini macho yake: hakuna kilichobadilika. Namba ndogondogo zilizo chini ya mhimili hazisomwi na mtu wakati kitu kinatembea. Funga mhimili kabla ya kuanza, na uwe uleule kwa sehemu zote tatu za skrini, ili sifuri ya juu ikae wima juu ya sifuri ya chini. Kwenye Excel na kwenye maktaba za programu za kuchora jambo hili ni la sekunde chache, ila mwenyewe usipoliweka halijiweki.

Kwa hiyo sampuli ya 30 inatosha kupata umbo la kengele?

Inategemea kundi lenyewe. Likiwa karibu na mtawanyo wa kawaida, yaani lenyewe lina umbo la kengele, hata 5 zinatosha. Likiwa limelalia upande mmoja vibaya, 30 ni chache. Na ukitaka kuwashangaza wanafunzi wenye udadisi, chota kutoka mtawanyo wa Cauchy, ambao hutoa namba za mbali mno mara kwa mara: wastani wa namba 1,000 unayumba sawasawa na namba moja iliyochotwa peke yake. Uhuishaji huo hautulii kamwe.

Kanuni ya namba kubwa: sarafu inatosha?

Kanuni hiyo inasema kwamba kadiri unavyorudia, wastani wa matokeo unasogea karibu na thamani yake halisi. Sarafu inatosha, mradi uonyeshe michoro miwili kwa pamoja. Mwanahisabati John Kerrich, alipokuwa kizuizini Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Kichwa kilitokea mara 5,067. Katika mara 100 za kwanza kilitokea mara 44.

Zitazame namba hizo kwa makini. Baada ya mara 100 alikuwa ametofautiana na nusu kwa 6. Baada ya mara 10,000 alikuwa ametofautiana kwa 67. Pengo limekua! Lakini kwa asilimia, limeshuka kutoka 6 hadi 0.67. Mchoro wa kwanza uonyeshe asilimia ya vichwa ikitulia kuelekea 50; wa pili uonyeshe pengo la idadi likizurura juu na chini bila haraka ya kurudi sifuri. Ukionyesha wa kwanza peke yake, unamthibitishia mwanafunzi imani potofu kwamba sarafu "inalipa deni": kwamba vikitoka vichwa vingi mfululizo, sasa ni zamu ya upande wa pili. Mchoro wa pili unaiua imani hiyo kwa dakika moja.

Wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaeleweka kwa uhuishaji?

Wigo huo ni masafa yanayokadiriwa kutoka sampuli moja, kwa njia ambayo mara 95 kati ya 100 hunasa wastani halisi. Kwa uhuishaji unaeleweka kuliko kwa njia nyingine yoyote ninayoijua. Chora mstari wima mahali ulipo wastani halisi wa kundi. Kila sampuli ikichotwa, wigo wake uchorwe kama mstari mlalo. Ukiukata ule wima uwe bluu, ukiukosa uwe mwekundu. Chota 100.

Wanafunzi watahesabu nyekundu, na mara nyingi hazitakuwa tano. Zitakuwa tatu, au saba, na mmoja atasema kompyuta imekosea. Mwambie abonyeze tena. Idadi ya mistari ya bluu, kati ya 100, huyumba kuzunguka 95 kwa mkengeuko sanifu wa takriban 2.2, kwa hiyo 92 au 98 si ajabu. Wakishaona hivyo mara kadhaa, ondoa mstari wima, geuza mistari yote kijivu, kisha futa 99. Umebaki mmoja. Hivyo ndivyo mtafiti anavyokaa na matokeo yake: ana mstari mmoja, hajui ni bluu au mwekundu. Baada ya kuona hilo, ule usemi kwamba "kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa wastani halisi umo humu" unaanza kumkwaza mwanafunzi mwenyewe, maana ameona kilichokuwa kikiyumba ni mistari. Wastani halisi haukusogea hata kidogo.

Na thamani ya p?

Hiyo ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoiona, au zaidi, kama kundi halina athari. Tumia kuchanganya kadi. Tuseme makundi mawili ya watu 20 yamefanya mtihani, na la kwanza limezidi la pili kwa wastani wa pointi 4. Kila mtu ni kadi yenye alama yake. Rangi ya kadi ni kundi lake. Uhuishaji ufanye hivi: rangi zinafutika, kadi zote zinakuwa nyeupe, zinachanganywa, zinagawiwa upya 20 kwa 20, tofauti mpya ya wastani inahesabiwa, nukta inaanguka kwenye mchoro. Rudia mara 1,000. Zikiwa nukta 31 zimeangukia umbali wa pointi 4 au zaidi kutoka sifuri, upande wowote, thamani ya p ni takriban 0.031. Mwanafunzi anaweza kuzihesabu kwa kidole.

Hatua ya rangi kufutika ndiyo roho ya somo, na ndiyo ambayo programu nyingi huiruka. Ndiyo dhana tupu yenyewe: kama kundi halina athari, mtu huyu angepata alama ileile hata angewekwa kule. Kaa hapo sekunde kadhaa. Itakusaidia baadaye, mwanafunzi atakaposema kuna uwezekano wa 0.031 kwamba dhana tupu ni kweli. Mrudishe kwenye skrini: nukta zote elfu zimetengenezwa baada ya rangi kufutwa, yaani kwa kudhani kwamba dhana tupu ni kweli. Haziwezi kutuambia dhana hiyo yenyewe ina uwezekano gani.

Ubao wa Galton bado una kazi?

Una kazi, na unapendeza. Francis Galton aliutengeneza miaka ya 1870: gololi zinashuka kati ya misumari, kila msumari ukizipeleka kushoto au kulia. Kwa safu 10 kuna njia 1,024. Moja tu inafika kisanduku cha pembeni kabisa, 252 zinafika cha katikati. Kosa la kawaida ni kumwaga gololi 500 kwa mpigo. Fuata moja kwanza, iache alama ya njia yake.

Uhusiano kati ya vitu viwili?

Mpe mwanafunzi nukta moja aiburute mbali na zenzake na aone mstari wa makadirio ukiifuata nukta hiyo. Hapo ataelewa nguvu ya nukta iliyojitenga.

Kwa hatari ya kuamini namba bila kuchora, seti nne za Francis Anscombe za mwaka 1973 zinatosha zikiwa tuli: kila seti ina nukta 11, wastani na kigezo cha uhusiano (namba inayopima nukta zinavyokaribia mstari mnyoofu, hapa kama 0.82) vinalingana, maumbo hayafanani kabisa. Ila Justin Matejka na George Fitzmaurice mwaka 2017 walikwenda mbali zaidi kwa mwendo. Walianza na nukta zilizochora dainosaria, zilizobuniwa na Alberto Cairo, wakazisogeza kidogokidogo mpaka zikawa nyota, duara, herufi X, huku wastani, mkengeuko sanifu na kigezo cha uhusiano vikibaki vilevile hadi desimali mbili. Unaona namba zimesimama pembeni na dainosaria anayeyuka. Hapa mwendo unastahili.

Vipi viputo vya Hans Rosling?

Hotuba yake ya TED ya mwaka 2006, yenye viputo vya nchi vinavyosogea kwenye mchoro mwaka baada ya mwaka, iliwafanya wengi waipende data, na hilo si dogo. Lakini mwendo wake unaonyesha miaka inavyopita. Hauonyeshi jinsi sampuli zinavyotofautiana. Uitumie kufungulia somo la kusoma michoro. Usiutegemee kufundisha makadirio.

Nitumie programu gani?

Kama huandiki msimbo, fungua kwenye kivinjari StatKey, programu ndogo za Rossman na Chance, au Seeing Theory iliyotoka Chuo Kikuu cha Brown. Zote ni za bure. Ukiandika kwa lugha ya R, kuna kifurushi cha gganimate, ambayo usipoiambia vingine hutoa fremu 100 kwa kasi ya fremu 10 kwa sekunde, yaani sekunde 10. Kwa darasa la mwanzo mara nyingi ni haraka mno. Kwa lugha ya Python kuna Manim ya Grant Sanderson, nzuri mno na yenye kula muda wako wote wa wikendi. Nami naomba mtu asiidharau Excel: andika =RAND() kwenye seli, jenga wastani juu yake, kisha bonyeza F9. Kila ukibonyeza, sampuli mpya. Haina urembo, lakini mwanafunzi anaona kila kitu kimetoka wapi.

Video iliyorekodiwa au kitu cha kubonyeza?

Cha kubonyeza, isipokuwa intaneti inasumbua. Ukitumia video, ikate vipande vifupi, kila kipande kiishe kwenye swali.

Uhuishaji unaweza kudanganya?

Unaweza, tena kwa ulaini wake. Programu inapopeleka histogramu moja kwenda nyingine, huchora hatua za katikati ambazo hazikutokana na data yoyote. Nguzo inapanda taratibu kutoka 12 hadi 30, na mwanafunzi anadhani aliona 19. Kwa sampuli za nasibu, ruka moja kwa moja kutoka tokeo moja hadi jingine. Acha mchoro utikisike. Mtikisiko huo ni habari. Jessica Hullman, Paul Resnick na Eytan Adar walionyesha mwaka 2015 kwamba watu waliotazama matokeo ya kubahatisha yakipishana moja baada ya jingine walikadiria vizuri zaidi, katika kulinganisha vitu viwili au vitatu, kuliko waliopewa vijiti vya makosa, yaani mistari inayoonyesha kiasi cha kutokuwa na uhakika.

Jambo jingine ni mbegu ya nasibu, yaani namba ya kuanzia inayoamua kompyuta itachota namba zipi. Ukiifunga ili onyesho lako litoke zuri kila mara, umewaonyesha wanafunzi bahati yako. Ifunge wakati wa kutengeneza, ifungue darasani.

Kuna wanafunzi ambao mwendo unawadhuru?

Wapo. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumiwe na watu wote, inataka kitu kinachoanza kutembea chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kiweze kusimamishwa, na hakuna kitu kimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Usitofautishe vitu kwa nyekundu na kijani pekee, ongeza umbo. Kwa asiyeona, andika masimulizi ya kila hatua na umpe jedwali la wastani zilizotoka.

Nina kompyuta moja na darasa kubwa. Nifanyeje?

Anzeni kwa mikono. William Gosset, aliyeandika kwa jina la Student, kabla ya kuchapisha kazi yake ya mwaka 1908 aliandika vipimo vya watu 3,000 kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya na kupata sampuli 750 za watu wannewanne. Darasa la watu 60 linaweza kupata sampuli 60 kwa dakika tano. Kila mtu apeleke wastani wake ubaoni kama nukta. Ndipo kompyuta moja iwashwe, iendelee pale ubao ulipoishia.

Nitajuaje wameelewa, au wamefurahia picha tu?

Wape mtihani usio na mwendo. Chapisha mchoro wa kundi lililolalia upande mmoja, na chini yake histogramu nne zisizo na majina: moja ya wastani za sampuli za watu 4, moja ya wastani za watu 25, moja inayofanana na kundi lenyewe, na moja iliyo nyembamba lakini imehama kitovu. Waulize ipi ni ya 4, ipi ni ya 25, na zile mbili zilizobaki zina kosa gani. Anayechagua inayofanana na kundi kuwa ndiyo ya 25 bado anachanganya sampuli na wastani zake. Mrudishe kwenye zile nukta nne za kwanza, kwa mwendo wa polepole, na safari hii kitufe akibonyeze yeye.